Kabla Hujalipia Kifurushi Kingine

Katika nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama, televisheni ya kulipia hukatika wakati mbaya. Mpira uko dakika ya sabini, au tamthilia imefika pale ambapo siri inataka kutoboka, mara kioo kinaandika kwamba kifurushi kimekwisha. Mwenye simu anaingia M-Pesa au Airtel Money, analipa, picha inarudi, watu wanapumua. Elfu ishirini imeondoka na hakuna aliyeamua lolote. Ndiyo maana nasema uamuzi wa kuendelea kulipia au kuacha ufanywe mapema, televisheni ikiwa bado inawaka, mchana kweupe, na wote wanaoitazama wakiwa wamekaa pamoja. Aliyekatiwa mpira dakika ya sabini hana nafasi ya kupiga hesabu.

Tunayo bahati moja ambayo wengi huko Marekani na Ulaya hawana. Kule mtu hufungwa na mkataba wa mwaka au zaidi, akiuvunja kabla ya muda anatozwa, na kifaa anatakiwa kukirudisha. Hapa king'amuzi hulipiwa kabla ya kutumika, na ukishakinunua ni chako. Usipolipa mwezi huu hakuna atakayekuja kukudai, na ukilipa baada ya miezi mitatu picha zinarudi. Kwa hiyo kuacha si jambo la kuogopa. Kinachotakiwa kujulikana ni miezi ipi ya mwaka inastahili kulipiwa nyumbani kwako na ipi haistahili, na hilo jirani yako hawezi kukujibia.

Anza na daftari. Chukua daftari la shule lililobaki kurasa, mwandike kwa wiki moja kila kilichotazamwa, nani alikitazama na kwa muda gani. Asiachiwe mtu mmoja kazi hiyo, maana kila mmoja huona vipindi vyake tu na kusahau vya mwenzake. Wiki ikiisha mtakuta kwamba katika chaneli nyingi mlizouziwa, nyumba nzima inaishi kwenye tano au sita. Wapo watakaogundua televisheni inawaka kutwa lakini inatazamwa saa mbili, saa nyingine zote inazungumza peke yake sebuleni huku mama yuko jikoni na watoto wako nje wanacheza. Saa hizo zisizo na mtazamaji zitolewe katika hesabu.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme kifurushi chako ni shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 240,000. Bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa, kwa miaka kadhaa, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita; fedha ya televisheni ya mwaka mmoja ingelipa bima hiyo miaka minane. Sisemi hivyo ili kumwaibisha anayependa televisheni. Mtu aliyeshinda juani shambani Nyamuswa ana haki ya kukaa jioni akacheka na watoto wake. Nataka tu ajue anacholipa. Nyumba ya watu saba wanaotazama kila jioni inatoa chini ya shilingi 700 kwa siku kwa wote, na hapo sioni cha kulalamika. Lakini kama anayetazama ni baba peke yake, na mwezi mzima ameona mechi nne, basi kila mechi imemgharimu elfu tano.

Umeme usikusumbue sana katika hesabu hii. Televisheni ya kisasa ya inchi 32 pamoja na king'amuzi hula kama wati 60, kwa hiyo saa sita kwa siku ni takriban uniti kumi au kumi na moja kwa mwezi. Mwenye sola ndiye anayepaswa kulifikiria hili, kwa sababu betri inayomalizwa na televisheni saa tatu usiku ndiyo hiyo hiyo ambayo mwanafunzi anaitegemea kwa taa.

Hatua inayofuata ndiyo watu wengi wanairuka: kujua nini kinabaki ukiacha kulipa. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Mwanza ikafuata mwanzoni mwa 2013. Tangu hapo, aliyetaka kuona hata TBC1 ilibidi awe na king'amuzi. Makubaliano yalikuwa kwamba chaneli za kitaifa, yaani TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV, zionekane bure kwenye ving'amuzi vya antena hata kama mtu hajalipia kifurushi. Ving'amuzi vya dishi vilikuwa na leseni ya namna nyingine, na Agosti 2018 mgogoro huo wa leseni ulifanya chaneli hizo za bure ziondolewe DStv, Azam na Zuku. Watu wengi walishangaa siku hiyo, kwa kuwa hawakuwahi kuambiwa kwamba antena na dishi vinatawaliwa na masharti tofauti.

Masharti hubadilika, kwa hiyo usitegemee maneno ya muuzaji dukani wala kumbukumbu ya shemeji yako. Jaribu mwenyewe. Kifurushi kikiisha, usilipe kwa siku tatu. Kila jioni pitisha rimoti chaneli moja baada ya nyingine na uandike kwenye lile daftari zipi bado zinaonyesha. Halafu weka orodha hiyo kando ya orodha ya vipindi mlivyotazama wiki ile ya kwanza. Nyumba ambayo mambo yake makubwa ni taarifa ya habari ya saa mbili, mahubiri ya Jumapili na muziki wa vijana huenda ikakuta karibu kila inachokipenda bado kipo, au inaweza kukipata kwa kununua king'amuzi cha antena mara moja tu. Kabla ya kununua, uliza jirani wa karibu kabisa kama antena yake inashika. Mawimbi ya ardhini hayapendi vilima, na huku kwetu vilima vya mawe viko kila upande. Nyumba moja inapata picha safi, na nyingine iliyo nyuma ya mwamba haipati kitu.

Hapo pia niongeze neno kwa wale wanaotaka kuacha kwa sababu "picha inakatakata." Chunguza kwanza kama tatizo ni huduma au ni paa lako. Mvua kubwa za radi zinazotoka ziwani huzima mawimbi ya setilaiti kwa dakika kadhaa, na hilo halina dawa zaidi ya kuchomoa plagi na kungoja. Lakini kama inakatika hata kukiwa jua, tazama miti. Setilaiti ya DStv, ikiangaliwa kutoka Musoma, iko karibu utosini. Ile ya Azam iko upande wa magharibi, upande wa ziwa. Mwembe uliokuwa mche wakati fundi anafunga dishi, leo umekua na kuziba anga ya magharibi. Kukata tawi ni bure. Vilevile waya ulioliwa na panya, au kile kichwa kilicho mbele ya dishi kilichoingia maji, hutengenezwa kwa fedha ndogo. Kuacha huduma kwa sababu ya tawi la mwembe ni hasara.

Tuje kwenye mpira, kwa sababu ndio unaowalipisha wengi. Aliyeshikwa na Simba au Yanga hana uchaguzi mpana: mwaka 2021 Azam Media walitia saini na TFF mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 wa kuonyesha Ligi Kuu. Anayetaka Ligi Kuu ya Uingereza anakwenda kwenye SuperSport ya DStv. Nyumba inayotaka zote mbili inajikuta na madishi mawili juu ya bati moja, na hapo ndipo ninapomwomba mwenye nyumba achague. Siamini kama mfanyakazi wa mshahara wa kawaida anahitaji kulipia ligi mbili kila mwezi. Achague moja ya nyumbani, nyingine aitazame kwa rafiki au aisikilize redioni.

Tena mpira una msimu. Ligi yetu huanza Agosti au Septemba na kumalizika Mei au Juni. Kulipia kifurushi cha mpira mwezi wa Julai ni kulipia uwanja usio na mchezaji. Wakati Biashara United ilipokuwa Ligi Kuu, kuanzia 2018 hadi iliposhuka 2022, mtu wa Musoma alikuwa na sababu ya ziada ya kulipia, maana timu ya mkoa wake ilikuwa ugenini Mbeya au Dar es Salaam na njia pekee ya kuiona ilikuwa kioo. Ikiwa nyumbani, uwanja wa Karume, kiingilio kilimweka jukwaani kabisa. Upende mpira kwa macho yako mwenyewe pia. Timu za hapa bado zinahitaji watu jukwaani. Na mwaka 2027 AFCON itachezwa Tanzania, Kenya na Uganda. Anayejua kupanga ataanza kuiwekea akiba sasa badala ya kukopa siku ya mechi ya ufunguzi.

Wapo wanaosema, "Nitaacha, nitakwenda kibanda umiza." Ni kweli kwamba kiingilio cha mia tano au elfu moja ni rahisi kuliko kifurushi, kwa anayetazama mechi chache. Lakini hesabu ya kibandani haiishii mlangoni. Kuna soda, kuna bia, kuna pikipiki ya kurudi usiku Nyakato au Buhare, na kuna mechi ambayo hukupanga kuitazama ila umeshakaa. Na liko jambo kubwa zaidi, ambalo nalisema waziwazi kwa wanaume wenzangu. Baba akienda kibandani kila Jumamosi na kila Jumatano, huku nyumbani tamthilia ya mama imekatwa kwa jina la kubana matumizi, hapo hakuna kilichobanwa isipokuwa mama. Huba ya Maisha Magic Bongo, au tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, kwa mwanamke aliyeanika dagaa kutwa nzima mwaloni, ina thamani ile ile ya pambano la watani wa jadi kwa mumewe. Kama ni kukata, mkate wote. Kama ni kuacha kitu kimoja, mjadiliane wote ni kipi.

Sasa niseme kuhusu fedha zetu zinavyoingia, kwa maana kifurushi cha siku thelathini kiliundwa kwa mtu wa mshahara, na wengi wetu hatuko hivyo. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku wa giza, akiwa na taa zake ziwani. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa vizuri, naye anarudi nyumbani kupumzika na kutengeneza nyavu. Akilipia mwezi mzima, sehemu kubwa ya siku hizo yuko majini au kambini kisiwani Rukuba, na siku zinahesabiwa vilevile. Mvuvi anayeishi peke yake Makoko au Mwigobero asilipie mwezi. Baadhi ya kampuni zina vifurushi vya siku na vya wiki; alipie wiki ya mbalamwezi, wakati yuko nyumbani na fedha za giza ziko mfukoni. Ukikokotoa kwa siku, kifurushi cha wiki huwa ghali kidogo kuliko cha mwezi, lakini siku zote za wiki hiyo atazitumia.

Mkulima wa pamba wa Bunda ana kalenda nyingine. Soko la pamba hufunguliwa Mei, na fedha huingia katika miezi ambayo ligi inaelekea kupumzika. Ifikapo Agosti mpira unapoanza, fedha ile imeshagawanyika: ada, deni la dawa za shamba, harusi ya mtoto wa kaka. Mkulima aliyeamua kwamba televisheni ni muhimu kwake afanye hivi: siku ya kulipwa pamba atenge fedha ya vifurushi vya miezi atakayotazama, aiweke kwenye VICOBA au kwa mtu anayemwamini, na miezi ya katikati aache kioo kipumzike. Januari hadi Aprili, wakati wa kulima na kupalilia na ghala likiwa linapungua, sioni sababu ya kulipia. Jioni mtu amechoka, ananyoosha miguu na kusinzia kabla taarifa ya habari haijaisha.

Mwalimu, muuguzi au karani wa halmashauri ana tatizo lake: analipia king'amuzi na bando kwa pamoja, na anatazama vitu vile vile kwenye vyote viwili. Kabla hajaamua kutupa kimoja, ajue kwamba saa moja ya video kwenye simu, kwa ubora wa kawaida, inaweza kula nusu GB hadi GB nzima, na ubora wa juu unakula zaidi. Mechi moja pamoja na mapumziko ni saa mbili. Kijana aliyepanga chumba kimoja Nyasho au Bweri, anayetazama habari fupi na mabao tu kwenye YouTube, simu inamtosha na namshauri aachane na dishi bila wasiwasi. Lakini familia haiwezi kukaa watu saba kuzunguka simu, na bando la kila mtu na simu yake litashinda bei ya kifurushi upesi sana. Kwa nyumba yenye watoto, king'amuzi kimoja sebuleni mara nyingi ni nafuu, na kina faida nyingine: mzazi anaona watoto wanatazama nini.

Kuhusu watoto, nina ombi moja. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba na wa kidato cha nne ni Novemba. Kama kuna mtahiniwa ndani ya nyumba, miezi hiyo ni mizuri ya kuacha kulipia, mradi iwe kwa wote, baba akiwemo. Kumfungia mwanafunzi chumbani huku sebuleni kelele za goli zinapasua bati ni kumtesa.

Redio isidharauliwe. Bara hatukuwa na televisheni hadi 1994, wakati Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa anasa ya wachache wa mjini. Watu wazima wa Butiama na vijiji jirani walikua wakiufuata mpira kwa sauti ya mtangazaji peke yake, na mpaka leo TBC Taifa inatangaza mechi za Ligi Kuu moja kwa moja. Mambo ya hapa hapa, bei za mazao, vifo, mikutano, utayapata Victoria FM ukiwa Musoma au Mazingira FM ukiwa Bunda upesi kuliko kwenye chaneli yoyote ya setilaiti. Nyumba inayoacha kulipia televisheni inunue betri nzuri za redio siku hiyo hiyo, isije ikabaki kimya na kujuta.

Jihadhari na fundi anayekuja na ahadi ya kufungua chaneli zote kwa malipo ya mara moja. Ni wizi wa matangazo, na mawimbi yakibadilishwa siri, kifaa chako kinabaki boksi tupu, naye simu hapokei. Vivyo hivyo mwenye saluni au baa asitumie kifurushi cha nyumbani kuvutia wateja. Biashara ina kifurushi chake, na haki za kazi za wasanii zinasimamiwa na COSOTA. Hesabu yake ni tofauti kabisa: aangalie kama siku za mechi mauzo yanapanda kuliko gharama, basi.

Kuna king'amuzi kimoja ambacho nisingependa kikatwe hata kwa hesabu zote hizi. Ni kile cha mama au baba mzee aliyebaki kijijini Kiabakari au Butiama, ambacho mwanawe anakilipia kutoka Mwanza au Dar es Salaam. Mzee aliyefiwa na mwenzake, watoto wako mbali, miguu haimfikishi tena kwa majirani, sauti za watu ndani ya nyumba zinamsaidia kupita jioni. Alipiwe. Ila mwana anayelipa awe anapiga simu kuuliza, "Mama, jana uliona nini?" Wako wazee ambao dishi lao lilipinda tangu mvua za masika, na kwa kuwa hawapendi kumsumbua mtoto, wanakaa kimya huku fedha inakatwa kila mwezi. Jibu la mama litakuambia kama unapaswa kulipa kifurushi au kumtumia fundi.

Ukishaamua kuacha kwa miezi fulani, fanya mambo mawili jioni ile ile. La kwanza, ipe ile elfu ishirini kazi yenye jina na uitume huko mara moja: hisa ya VICOBA, sare ya mtoto, mbegu. Ikibaki kwenye simu bila jina itaisha kwa vocha na chipsi, na mwisho wa mwezi utakuwa huna televisheni wala fedha. La pili, chomoa king'amuzi, kifunike kitambaa kisiingie vumbi, na uandike namba ya kadi yake ndani ya jalada la lile daftari kwa tarakimu kubwa. Siku ya kurudi utalipia kwa namba hiyo, na anayeitafuta kwa haraka, tochi mdomoni, mechi ikiwa imeshaanza, hukosea tarakimu moja na kumlipia mtu wa Tabora asiyemjua.